Bega la Shangazi

Jina la Mama Tulia hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Katika studio yake ndogo mkabala na mahakama, mtu alikalishwa kwenye kigoda, akanyooshwa kola, akainuliwa kidevu kwa kidole kimoja, kisha akaambiwa, "Tulia." Na alitulia, hata angekuwa hakimu. Kupiga picha za vitambulisho ni kazi ambayo watu huiona ya hivihivi tu, lakini hakuna aliyetoka pale na sura ya mtu anayetafutwa na polisi.

Picha za ukumbusho nazo zilikuwa na ufundi wake. Mteja akilalamika kwamba hafanani na picha yake, Mama Tulia hakubishana naye. Alirudi chumba cha giza, akaigeuza filamu, akasafisha picha upya. Kulia kukawa kushoto, mteja akaiona ile sura aliyoizoea kwenye kioo, akaondoka meno yote nje. Kompyuta zilipokuja, kugeuza kukawa kubonyeza kitufe tu. Ya kwanza kabisa kugeuzwa ilikuwa ya mumewe, enzi za uchumba. Kijana wa watu alikuwa ameangalia pembeni, naye akamgeuza, ili picha zao mbili zikitundikwa ziangaliane. Ziko sebuleni mpaka leo.

Mume huyo alikuwa mtunzaji wa pundamilia kwenye bustani ya wanyama, na nyumba yao ilikuwa nyuma ya ukuta wa bustani hiyohiyo. Wageni walipoona kundi la punda waliovaa sare, yeye aliona watu wake: Mdokozi, Bwana Harusi, Mama Maringo. Na Shangazi. Shangazi alifiwa na mama yake angali mchanga, na mzee huyo ndiye aliyemlea kwa chupa. Sasa alikuwa jike la makamo lenye moyo mbovu. Wenzake walipodungwa dawa ya usingizi ili wapunguzwe kwato, yeye aliachwa, maana dawa ile ingemuua.

Basi macho ya mzee yakaingia ukungu, upasuaji ukapangwa, na mtunzaji mpya akaletwa. Mzee hakulala kwa mawazo. Mwisho akamwambia mkewe awapige picha pundamilia wote, mmoja mmoja, zitundikwe kwenye chumba cha watunzaji, ili huyo mwenzake awatambue hata yeye asipokuwepo.

Jamani, Mama Tulia na sura zake zote alizozipiga, pale uani alijikuta mwanafunzi. Alidhani mistari ni mistari. Kumbe kila mmoja na yake! Huyu mistari yake inashuka ubavuni imenyooka, yule inajikunja kiunoni, na Mama Maringo ana mmoja mwembamba unaopotea kabla ya kufika tumboni. Shangazi alikuwa na mstari mnene begani uliogawanyika kama panda ya manati. Mama Tulia aliinama, akapiga magoti kwenye vumbi, akawaambia watulie. Hawakutulia hata kidogo, na yeye akawapenda kwa hilo.

Wote walimpa ubavu wa kulia isipokuwa Shangazi, aliyekataa katakata kugeuka. Akampiga kushoto. Studioni akazipanga picha zote zitazame upande wa mlango wa chumba cha watunzaji, zipendeze, na Shangazi peke yake akawa ameupa mlango mgongo. Mkono wenyewe ukabonyeza kile kitufe cha kugeuza, na picha zikaenda ukutani.

Siku ya kupunguza kwato mzee alikuwa nyumbani, macho yamefungwa bandeji, kovu lake la utotoni kwenye shavu la kushoto likiwa limechomoza chini ya bandeji hiyo. Hakutulia kitini. Alimwomba mkewe achukue nakala za picha amsimulie, walau awaone kwa masikio. Mama Tulia akasimulia vizuri tu, akafika kwa Shangazi, akasema ile panda iko bega la kulia.

"La kushoto," mzee akasema.

Mama Tulia akaitazama picha, akakumbuka kile kitufe. Alipiga simu, haikupokelewa, kwa sababu watunzaji huacha simu chumbani wasiwashtue wanyama. Akatoka mbio na kandambili zake, mama mzima, kanga mkononi, akapita lango la bustani bila kumsalimia mlinzi.

Daktari wa wanyama na mtunzaji mpya walikuwa wametafuta panda kwenye mabega yote ya kulia. Hawakuiona. Mdokozi ana kitu kinachokaribia kufanana nayo, basi wakamtenga Mdokozi wakidhani ndiye Shangazi. Shangazi alikuwa amesimama na wengine, na daktari ameshainua bunduki ya sindano.

"Usimpige, binti yangu," Mama Tulia akasema, pumzi hana. "Picha niliigeuza mimi. Yule ndiye Shangazi."

Daktari akaishusha bunduki. Akazunguka taratibu mpaka ubavu wa kushoto, akaiona panda. Kisha akamletea Mama Tulia kiti na maji, wala hakumsema. Mama Tulia alilia pale hadharani, na aliponawa uso akachukua kamera, akaanza upya, kulia na kushoto, kila mmoja. Picha ya Shangazi iko ukutani mpaka leo, imeupa mlango mgongo.

Alirudi nyumbani amechoka, akamweleza mumewe yote bila kujitetea. Macho yake yakapanda ukutani, kwenye ile picha ya uchumba. Kovu la mumewe lilikuwa shavu la kulia. Miaka yote hiyo, na yeye ndiye mpiga picha! Akasimama kuitungua, akamwambia mzee kwamba hata yeye alimgeuza, na kwamba kesho ataisafisha upya.

"Nilijua tangu siku ile uliyonionyesha," mzee akasema, bandeji machoni, akicheka kidogo. "Iache hapohapo. Mimi wa kunitambua ninaye."