Usingizi wa Mwenye Eda

Babangu alipofariki, katika miaka ya hamsini, mamangu alikaa eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Lamu. Shangazi yangu, dada yake marehemu, akaja kulala naye, maana kwetu mwenye eda halali pweke. Mimi nilikuwa mke wa watu, lakini nilikuwa nimejifungua karibuni na bado niko kwa mama. Nayaandika niliyoyaona, ingawa pengine nachanganya niliyoyaona na niliyosimuliwa. Nilisoma chuo cha Kurani, na skuli kidogo tu. Msomaji anisamehe.

Shangazi alikuwa na imani aliyoirithi kwa bibi yake. Mjane akilala, na mboni zikaanza kutembea chini ya kope, basi maiti wake amekuja kumwita. Akiachwa aitikie, atamfuata. Dawa yake ni kumwamsha. Naye alimwamsha kwa upole mno, nisimdhulumu: humgusa kidole gumba cha mguu na kumwambia, "Wifi, rudi." Mama hufumbua macho, huitikia kwamba yupo, shangazi humshukuru Mungu na kumwambia alale tena.

Ule usingizi wa kwanza wa usiku, ule mzito, hakuna aliyeugusa. Hapo uso wa mama ulitulia kama maji ya birika la msikitini. Uliokatwakatwa ni ule wa kuelekea alfajiri, na ule wa mchana baada ya adhuhuri, kwa sababu ndio wakati mboni zake zilipotembea. Kwa hiyo ungeuliza, ungeambiwa mama analala, na usingeambiwa uongo.

Lakini mama alianza kubadilika. Nilimkuta ameketi juu ya mbuzi, nazi imekwisha zamani, naye bado akikuna kifuu. Alinishutumu kuwa nimeficha tasbihi yake, na tasbihi i pale mapajani. Yeye ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, alimwambia shangazi kwamba hata kupumua kwake kunamkera, kisha akalia akimtaka radhi. Na jambo moja alilirudia kila siku: kwamba watu wote huwaota maiti wao, ila yeye tu. "Simuoni," alisema. "Hata sura yake yaanza kunipotea."

Mjomba, kaka yake mama, alipokuja kututazama kutoka Chundwa, mama alimtilia chumvi kwenye chai ya maziwa. Mjomba akainywa yote kwa adabu. Alipotoka alinivuta kando, akaniambia huzuni imempanda dada yake kichwani, na kwamba Ijumaa atakuja na mashua amchukue akasomewe huko kwao. Eda hukaliwa nyumbani kwa mume, lakini ugonjwa una ruhusa yake, na mjomba alikwisha kuwauliza wanaojua. Hakuwa na ubaya hata chembe. Nilipomfikishia mama habari, hakubisha. Alisema tu, "Nikitoka kabla ya siku zangu, nitakuwa nimemwata nusu ya ndia," yaani amemwacha mumewe njiani.

Alhamisi mchana tulikuwa sote chumbani. Mama amelala, shangazi yu miguuni pake, mimi nimempakata mwanangu. Mtoto akaanza kutabasamu usingizini, na chini ya kope zake nyembamba mboni zikikimbia huku na huku. Shangazi akamwinamia, uso wote umelainika.

"Usimguse," akaninong'oneza. "Acheza na malaika."

Nikamtazama mtoto, nikamtazama mama. Kope zilikuwa zikicheza vile vile, na mkono wa shangazi ulikuwa tayari unakwenda kwenye kidole gumba. Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa, na sikuwa na hakika ya lolote.

"Shangazi, na macho ya mtoto yanatembea hivyo hivyo."

"Mtoto hana aliyemfia," akanijibu.

Lilikuwa jibu zuri, na mpaka leo sijapata la kulijibu. Ila neno jingine lilinitoka lenyewe: "Na kama kweli ni baba anayekuja, tumemfukuza mara ngapi?"

Mkono wake ukabaki juu ya kidole, haubonyezi wala hauondoki. Akaanza kusoma Ayatul Kursiyu chini kwa chini, akaimaliza, akaianza tena. Mama akaguna. Vidole vyake vikashikashika shuka. Niliogopa, sitaficha; niliona labda nimemponza mamangu kwa neno moja. Shangazi alisoma huku machozi yakimtiririka, na hakubonyeza.

Mama akaamka mwenyewe.

"Alikwita?" shangazi akamuuliza.

"Alikuwa atafuta makubadhi yake. Amevaa moja."

"Hakukwambia mwende?"

"Twende wapi, wifi, na mtu mwenye kiatu kimoja? Nimemwambia liko chini ya kitanda, pale anapoliacha kila siku. Hata hali hakunijulia."

Akacheka. Shangazi naye akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, na ndipo aliposema ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye pia hajamuona nduguye. Tangu mazishi analala kama kuku, jicho moja.

Mama akasogea ukutani, akapapasa mto. "Lala. Sasa zamu yangu."

Mama aliota usiku ule mzima, na asubuhi alitusimulia mpaka chai ikapoa, ndoto juu ya ndoto, kama birika lililozibuliwa. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, aliniambia kuwa macho hukimbia hivyo mtu aotapo, na kwamba anayezuiwa kuota huja akaota kwa wingi akiachiliwa. Huenda. Lakini pia huenda ni kile kisomo cha shangazi kilichomlinda; sikatai, kwani sikujua lipi lilifanya kazi.

Ijumaa, baada ya sala, mjomba alipiga hodi. Alipoingia chumbani akamkuta shangazi amelala fofofo, kope zikicheza, na mama ameketi miguuni pake, kidole mdomoni akimnyamazisha. Mjomba akauliza kwa ishara kama na huyu naye mgonjwa.

"Yuko na nduguye," mama akanong'ona. "Kaa unywe chai, lakini usikohoe."

Mjomba akakaa. Chai aliionja kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha akapiga funda kubwa. Alipomaliza kikombe aliniashiria nimsogelee, akaninong'oneza nimtume mtu pwani akawaambie wenye mashua kwamba atarudi peke yake.