Firigisi ya Baba Ritha

Pale Katoro akina Masele ni wengi, kwa hiyo ukimtafuta mmoja lazima useme ni yupi. Ukisema Masele fundi makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, watu watafikiri kidogo. Ukisema Masele wa nyama, utapelekwa hadi mlangoni.

Alitoka kwao Mhunze akiwa kijana, akajifunza ufundi, akaoa, akapata mabinti wawili, Ritha na Klara. Hakuwa mtu mkali wala mchoyo. Sikukuu zikifika mabinti walivaa viatu vipya kabla ya watoto wa jirani. Ila kwenye chakula alikuwa na imani yake, na alipenda kuieleza. Ng'ombe anakula majani, yeye anamla ng'ombe, kwa hiyo majani ameshayala. Asubuhi alikunywa supu ya makongoro kwa rafiki yake Pantaleo, mwenye kibanda karibu na makarasha. Jioni alirudi palepale kwa nyama choma na bia, halafu akaenda nyumbani kula.

Nyumbani alikula peke yake sebuleni, kwenye meza yake ndogo. Mkewe Martina na watoto walikula uani, kwenye mkeka. Akichinjwa kuku, mapaja na kidari vilikwenda sebuleni, na firigisi juu yake. Uani zilibaki shingo, mabawa na mchuzi. Hakuna aliyewahi kuitunga sheria hiyo. Waliikuta kwao, wakahamia nayo Katoro, na Masele hakuwahi kujiuliza wale wa uani wanakula nini.

Asubuhi moja aliamka kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, kinang'aa kama nyanya iliyoiva. Akadhani amejigonga kwenye chuma kazini. Pantaleo akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huenda kuna mtu kamtegea kitu akakikanyaga. Masele akafikiria wabaya wake, hakupata hata mmoja wa maana, akapanda bodaboda kwenda zahanati.

Daktari alikuwa dada mpole. Hakumuuliza amekanyaga nini, alimuuliza anakula nini. Masele akaona huko ni kuingilia mambo yake ya ndani, lakini akajibu, tena kwa fahari kidogo. Akapimwa damu, akaambiwa ana jongo, ugonjwa wa viungo unaochochewa na vyakula kama vyake. Bia aache. Maini, utumbo, firigisi na supu zake aache. Nyama nyekundu iwe kidogo sana. Anywe maji kwa wingi, ale mboga za majani, na maziwa hayana ubaya. Masele akauliza kuhusu dagaa, maana ni wadogo. Daktari akamjibu kwamba udogo wao haumsaidii.

Aliporudi, Martina akamuuliza daktari kasemaje.

"Kasema niupumzishe mguu," Masele akajibu.

Hakusema uongo, daktari alilisema hilo pia. Mengine yote aliyaacha kwenye geti la zahanati. Asichokijua ni kwamba Martina akimwonea mtu huruma, huruma yake huanzia jikoni. Alfajiri iliyofuata alikwenda buchani akanunua makongoro, kwa kuwa mguu wa ng'ombe ndio unaotia nguvu mguu wa mtu, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Akachemsha supu nzito, akaileta kitandani. Masele akaitazama. Kuikataa kungehitaji maelezo, na kwa kweli hakutaka kuikataa. Akainywa, akamshukuru mke wake. Kesho yake ikaja nyingine. Kwa vile vidonge alivyopewa zahanati vilikuwa vimeutuliza uvimbe, akaanza kuamini kwamba yule daktari bado mtoto.

Wiki haijaisha vizuri, kidole kikarudi, safari hii na kifundo cha mguu. Shuka likikigusa, Masele analia. Klara, mdogo wao, alipita tu mlangoni na baba yake akamwomba apite mbali. Akaitwa mwenye bajaji, Martina akaupakata ule mguu kama kichanga, wakaenda.

Daktari aliwapokea vizuri. Akauliza kama mgonjwa ameacha supu.

"Supu hajaacha, daktari," Martina akajibu kabla ya mumewe kufungua mdomo. "Nampikia mwenyewe kila asubuhi."

Daktari akaweka kalamu mezani. Masele akageukia ukutani, akaanza kusoma tangazo la chanjo ya watoto wachanga kwa makini kana kwamba ana mtihani. Daktari akarudia maelezo yote tangu mwanzo, polepole, na Martina akayasikiliza bila kumtazama mumewe. Katika bajaji, walipokaribia nyumbani, ndipo akamgeukia.

"Baba Ritha, yaani mimi naamka alfajiri kukupikia ugonjwa, na wewe unaniambia asante."

Masele akatazama nje ya bajaji. Baadaye alimwambia Pantaleo kwamba maneno yale yalimuuma kuliko kidole.

Tangu siku hiyo Martina akachukua madaraka. Ukapikwa mgagani kwa maziwa, ikapikwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na karanga, ukapikwa mlenda. Siku za kwanza Masele alikula kama mtu aliyekamatwa. Na kwa kuwa chakula sasa kilikuwa kimoja, Martina hakuona sababu ya kukipeleka sehemu mbili. Bakuli liliwekwa mkekani. Mwenye njaa aje.

Akaja, akichechemea. Akakuta kumbe pale uani kuna baraza zima. Ritha aliigiza mwalimu wao wa hesabu hadi namna anavyopandisha suruali. Klara alisimulia habari ndefu ya kuku aliyekwenda mnadani, habari isiyo na mwisho wala ukweli. Miaka yote Masele alisikia vicheko vile kutoka sebuleni, na hakuwahi kunyanyuka kwenda kuuliza wanachekea nini.

Jumapili moja Martina akachinja kuku. Mapaja akawapa watoto, mumewe akampa kipande kidogo cha kidari. Ikabaki firigisi. Ritha akaitazama, akamtazama baba yake, kisha akatazama chini. Martina akaichukua, akaitia mdomoni. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuionja. Akatafuna kwa muda mrefu, wote wakimwangalia.

"Ikoje?" Masele akauliza.

Martina akameza. "Ngumu kidogo," akasema. "Nilidhani kuna kitu."

Masele alitaka kuitetea, akatafuta la kusema, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watoto wakacheka kwa sababu baba anacheka.

Aliteleza mara moja. Pantaleo alimkaribisha mishikaki na bia, akakubali, na siku mbili baadaye aliingia uani akijitahidi kutembea wima. Klara akamwangalia miguu, akamwambia mama yake kwamba baba amekula nyama. Hakukuwa na haja ya mashahidi wengine.

Leo hii Masele ni mhubiri. Hukaa kibandani kwa Pantaleo na kikombe cha maji, akiwaeleza wachimbaji habari za damu yao wakati wanatafuna maini. Pantaleo amemwomba kwa upole ahamie benchi la nje.

Jumamosi iliyopita alikwenda sokoni mwenyewe kuchagua mboga. Alirudi na furushi kubwa, akiringa kwamba amepunguziwa bei. Martina akalifungua, akaanza kuchambua. Majani yaliyonyauka akayaweka upande mmoja, nayo yalikuwa mengi, mabichi akayatia kwenye maji. Mchana huo mboga ilikuwa haba. Masele akaisifu, akasema mgagani mzuri lazima uchague mwenyewe. Ritha akafungua mdomo, mama yake akamgusa goti, wakaendelea kula.