Bibi Aliyekuwa Akisaga Ulezi

Sikuwa nimekunywa kitu siku ile, wala sikuwa na homa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza hayo mawili. Mimi ni nesi, naishi Mbeya, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wengine.

Nilikuwa natoka semina Iringa, nikapitia makumbusho ya kijiji kimoja nje ya mji. Nyumba ya vyumba viwili tu: mikuki, ngao, vibuyu, jiwe la kusagia. Dada anayepokea wageni akaniandikisha kwenye daftari, akaniambia niko peke yangu, niangalie kwa raha zangu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali.

Nikiwa chumba cha kwanza nikasikia jiwe linasaga kule cha pili.

Nikaingia. Bibi mmoja amepiga magoti sakafuni, kajifunga kaniki, anasaga ulezi. Unga niliuona, niamini, na harufu yake niliisikia. Nikadhani wamemweka kwa ajili ya wageni. Nikachuchumaa.

“Shikamoo, bibi.”

Hakuitikia. “Wewe wa kwa nani?”

Nikamtajia ukoo wetu. Mikono yake ikatulia juu ya jiwe.

“Kumbe mlibaki.” Akanikagua uso mzima, taratibu, kama mama anavyomkagua mtoto aliyeanguka. “Yule mtoto wa kwenye kihenge cha nafaka, alilia sana?”

“Mtoto gani, bibi?”

“Nilimfunika kwa masuke ya ulezi, nikamwachia uso tu. Askari walikuwa wanakuja. Nikakimbilia upande wa pili ili wanifuate mimi. Alilia?”

“Sijui, bibi. Sijawahi kuambiwa.”

Akainamisha kichwa. Nikageuka kumwita yule dada, na nilipotazama tena palikuwa na jiwe tu, limezungushiwa kamba, lina vumbi.

“Hapa hakuna anayesaga, dada yangu,” yule dada akaniambia nilipomuulizia yule bibi, akinitazama kwa wasiwasi.

Nikatoka nje, nikampigia baba simu. Nikamuuliza kama kuna mtoto wa ukoo wetu aliyewahi kufichwa kwenye kihenge. Akasema babu yake, akiwa mchanga, aliokotwa ndani ya kihenge wakati wa vita na Wajerumani. Majirani waliorudi kutoka porini walijua kihenge ni cha nani, ndiyo maana akabaki na jina la ukoo. Mama yake hakuonekana tena.

“Alikuwa analia?” nikauliza.

“Hapana. Walimkuta amelala fofofo.”

Nikarudi mbio mle ndani, nikapiga magoti mbele ya kamba. “Hakulia, bibi. Alikuwa amelala.” Tangu hapo nimerudi mara nne, na kila mara namwambia hivyo hivyo, kwa sauti, watu wakinishangaa. Mpaka leo sijui kama amesikia.

Wewe unayesoma, kama wazazi wako bado wapo, waulize leo hii umetoka kwa nani. Usingoje. Yule bibi aliuliza siku ile moja tu, nami nikamwambia sijui.