Siku Nilipomwashia Taa Deo

Sikunywa. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki aliniuliza kwanza nilikuwa nimekunywa nini. Mimi rubisi, pombe yetu ya ndizi, siigusi, gongo ndiyo kabisa. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, lami ya kutoka Bukoba kwenda Muleba imeshakauka baada ya mvua ya asubuhi. Sikuwa na usingizi wala homa. Kilichonipata kilinipata macho makavu, na wapo askari wawili na fundi umeme mmoja walioona kipande chao. Ukitaka kuamini amini, usipotaka nisikilize tu hadi mwisho.

Mimi ni dereva wa kenta. Nabeba saruji na mabati ya duka moja la vifaa vya ujenzi Bukoba mjini, napeleka Muleba, narudi na chochote kinachopatikana, mara mbao, mara ndizi. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo nimewachukia trafiki kwa moyo mmoja, na sioni haya kusema. Wanajibanza kwenye migomba na ile mashine ya kupima mwendo tunayoiita tochi, unapigwa picha hujui, halafu unasimamishwa huko mbele na kuonyeshwa simu: hili si gari lako? Hamsini na saba penye kibao cha hamsini. Unaandikiwa. Kuna afande mmoja wa kike, mfupi, mwenye sauti ya upole, aliniandikia mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya taa ya mbele ya kushoto iliyokuwa imekufa. Mchana kweupe, taa ya nini? Niliapa sitaitengeneza ili nimkomoe. Sasa hivi sijui nilidhani namkomoa nani.

Ndiyo maana madereva tuna kawaida yetu. Ukishawapita trafiki, kila gari unalokutana nalo unaliwashia taa mara mbili, halafu unatoa mkono dirishani, kiganja kimeangalia chini, unaushusha polepole. Maana yake punguza mwendo, wako mbele. Hakuna aliyetufundisha, na wanafanya wote: wenye mabasi, wenye pikipiki, hata katekista na gari lake bovu. Nimewahi kuwashiwa taa na gari lililobeba jeneza. Mtu hakujui, humjui, lakini amekuokoa, nawe unampigia honi ya shukrani na moyo unafurahi. Mimi nilikuwa sipitishi gari bila kulionya. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Basi asubuhi moja nilikuwa natoka Muleba narudi Bukoba. Nikawapita trafiki kwenye kijiji ambacho sitakitaja, maana familia bado ipo pale. Afande wangu yule alikuwepo na wenzake wawili, na siku hiyo walikuwa wamepanga koni barabarani, jambo ambalo si kawaida yao. Walinipungia mkono nipite. Kama kilomita mbili mbele nikaona pikapu nyeupe inakuja mbio, inaingia upande wangu na kurudi. Nikaitambua. Ilikuwa ya Deo, jina nimembadilishia, mnunuzi wa kahawa ambaye tulikuwa tunakunywa naye chai stendi ya Muleba. Nikawasha taa yangu moja nzima, mara mbili, mara tatu. Nikatoa mkono. Deo akapiga honi ndefu na kuniinulia dole gumba. Kwenye kioo nikamwona anakata kona na kuingia njia ya vumbi inayopita katikati ya vibanja, mashamba yetu ya migomba, na kutokea tena lami huko nyuma ya trafiki. Nilicheka peke yangu kwenye gari kwa furaha.

Jioni nikasikia kuna mama amegongwa kwenye njia ile. Wenyewe walimwita Ma Asimwe, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa anatoka kwa dada yake, amepewa mche wa mgomba akaupande kibanjani kwake. Njia ile hupita watu, mbuzi na baiskeli, sasa nani angehangaika kutazama nyuma? Aliyemgonga hakusimama. Mama alifia pale pale, na hakuna aliyeona gari.

Nilijua. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi tu au nilikuwa sina uhakika. Nilijua tangu jioni ile, nikala chakula nikalala.

Wiki iliyofuata Deo alikuja stendi bampa imebonyea. Akasema amegonga mbuzi huko Izimbya. Tukanywa chai, wala sikumwuliza mbuzi alikuwa wa nani. Madereva wawili wengine nao walikuwa wameiona ile pikapu siku ile, na tukaelewana bila maneno mengi kwamba dereva hachomwi kwa trafiki. Na mimi ningeanzia wapi kusema? Kwamba niliiona kwa sababu nilikuwa naionya?

Halafu wakamkamata Method. Huyu ni bodaboda wa kijiji kile kile, baba wa watoto wawili, nyumba yake haiko mbali na pale mama alipoangukia. Asubuhi ile alipita njia ile mbio, watu walimwona, na pikipiki yake ilikutwa rimu ya mbele imepinda. Alisema ni shimo. Nani angemwamini? Vijana walitaka kuchoma nyumba yake, mkewe akachukua watoto akakimbilia kwao Kashozi. Method akawekwa mahabusu Muleba. Mimi nilikuwa napita mbele ya kituo hicho cha polisi karibu kila siku na saruji yangu.

Zilipita kama wiki tatu. Ndipo ikafika hiyo siku ninayowaambia.

Nilikuwa peke yangu, natoka Bukoba. Nilipokikaribia kijiji kile nikaona mama amesimama ukingoni mwa lami, kitenge cha kijani, kichwani mche wa mgomba umefungwa kwa majani makavu. Akanyoosha mkono mmoja, kiganja kimeangalia chini, akaushusha polepole. Nikapunguza mwendo, kwa mazoea tu. Nikazunguka kona nikitafuta trafiki. Hakukuwa na mtu, barabara nyeupe. Hapo ndipo nikajiuliza: ishara ile ni yetu madereva, mama wa kijijini ameijulia wapi?

Nikaongeza gia. Kama kilomita moja mbele, yule mama yuko tena. Kitenge kile, mche ule, mkono ule. Niamini, hakuna gari lililonipita, hakuna pikipiki, hakuna hata baiskeli. Sikumtazama usoni. Nikakanyaga mafuta.

Mara ya tatu alikuwa katikati ya barabara.

Nilifunga breki mpaka mifuko ya saruji ikagonga kabini, injini ikazima. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye bampa. Akazunguka taratibu akaja dirishani kwangu. Mizizi ya ule mche ilikuwa mibichi, udongo unadondoka juu ya bega lake, na upande mmoja wa kitenge ulikuwa na vumbi tangu kiunoni hadi chini. Uso wake haukuwa wa kutisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka anayetaka kufika nyumbani. Unajua nilimwuliza nini? Mpaka leo naona aibu. Nilimwuliza, "Mama, trafiki wako wapi?"

"Hakuna trafiki, waitu," akasema, kwa heshima ya Kihaya na kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yule ulimwashia taa. Mimi hukuniwashia."

Akapita mbele ya gari kwenda upande wa pili. Nikamfuata kwa macho mpaka alipofika usawa wa namba ya gari, akainama kidogo kuuweka sawa mche wake kichwani, na hakutokea upande wa pili. Nilisubiri. Nikashuka nikiwa nashikilia mlango. Hakukuwa na mtu, si mbele, si chini ya gari, si mtaroni. Kulikuwa na udongo mbichi kwenye lami, kiasi cha kujaa kiganja.

Na taa zilikuwa zinawaka. Zote mbili, ya kulia na ya kushoto, taa kubwa kabisa, mchana wa jua kali. Mimi sikugusa swichi. Nikazima, hazikuzimika. Nikachomoa ufunguo, bado zinawaka. Nikakaa chini kwenye lami nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Ilibidi niondoke. Ningefanya nini? Na hapa ndipo palipokuwa pabaya kuliko hata yule mama. Njia nzima hadi Muleba, kila gari lililokuja mbele yangu lilidhani naliwashia taa kuonya kwamba kuna trafiki. Wote walipunguza mwendo. Wote walinishukuru. Mwenye basi akapiga honi, mwenye lori akainua dole gumba, bodaboda wakapunga mikono na kucheka. Kila dole gumba nililoliona lilikuwa la Deo. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani niwaambie waache, nani angenisikia?

Nikaingia moja kwa moja kituo cha polisi. Yule afande wa kike alikuwa nje, akatazama gari, akaniambia afadhali leo nimetengeneza taa ya kushoto. Nikamwambia sijaitengeneza. Nikamwambia nataka kuandikisha maelezo kuhusu Ma Asimwe. Akamwita mwenzake, tukaingia ndani.

Nilisema yote, pamoja na mkono wangu kutoka dirishani. Nilitegemea matusi. Afande aliweka kalamu chini, akasema, "Siku ile hatukuwa tunapima mwendo. Mwalimu mmoja alitupigia simu, pikapu nyeupe imekosakosa wanafunzi wake, dereva amelewa. Tulikuwa tunaisubiri hiyo hiyo."

Koni zile, jamani. Zilikuwa za Deo. Kama ningeendelea na safari zangu bila kuwa mtu mwema, Deo angefika pale akasimamishwa, na Ma Asimwe angepanda mgomba wake.

Nilipomaliza kuweka sahihi askari wa pili aliingia akasema taa zangu zimezimika zenyewe. Fundi umeme alikuja kuangalia mbele yao. Balbu ya kushoto ilikuwa imeungua nyeusi na waya wake umekatika siku nyingi. Alinionyesha ncha mbili za waya zilizoshika kutu, akaniuliza ni nani aliyesema taa hiyo iliwaka. Wale askari wawili wakainama kuzitazama ncha zile wenyewe.

Deo alikamatwa kesho yake, kesi ipo mahakamani, siwezi kusema zaidi. Method aliachiwa. Stendi ya Muleba hakuna anayekaa meza moja na mimi tena, na hakuna dereva anayeniwashia taa. Nimeandikiwa mara mbili tangu hapo, nimelipa. Mama yule sijamwona tena, ila gari la mbele likiniwashia kwa bahati mbaya, lazima nisimame pembeni.

Method alinifuata dukani siku moja, nikiwa napakia mabati. Nikadhani amekuja kunipiga, na ningekubali. Akaniuliza, "Mzee, wakati wote ule niko ndani, ulikuwa unapita pale?"

Nikamwambia ndiyo, karibu kila siku. Alitikisa kichwa, akawasha pikipiki yake akaenda. Mkewe bado hajarudi kutoka Kashozi.

Unaweza kusema niliota. Method hakuota, alilala sakafuni wiki tatu kwa ajili ya urafiki wetu wa barabarani. Najua wewe nawe unawasha taa, wala usinikatalie. Wachukie trafiki utakavyo, mimi mwenyewe bado sijawapenda. Lakini ukiwasha, mwangalie vizuri huyo anayekuja, kwa sababu siku moja utaulizwa ulimwashia nani, na anayekuuliza anaweza asiwe askari.