Mchunga wa Kobe na wa Mama Mkwe

Yule kobe aliingia kwetu mwenyewe, hakuna aliyemleta. Ilikuwa kiangazi, watu wamechoma nyasi upande wa mbugani, na asubuhi moja tukamkuta amepita chini ya ua wetu wa minyaa, gamba lake la manjano lenye madoa meusi limeungua ukingoni. Watoto wakataka kumpanda. Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye hapa Mbalibali tangu nilipoolewa kutoka Nyarero, akawapigia kelele akiwa kwenye kigoda chake: "Mwacheni! Mgeni hapandwi. Mleteeni chakula."

Na chakula kwa mama mkwe ni kimoja tu, ubukima. Ule ugali wa ulezi na muhogo, mweusi, mgumu, ukiula asubuhi unalima mpaka jua linageuka. Akamega tonge, akalichovya kwenye maziwa ya mgando, akaliweka chini mbele ya kobe. Kobe akanyoosha shingo, akanusa, akafungua ule mdomo wake usio na meno, akala. Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mmeona? Huyu ni wa kwetu."

Hatukumfungia. Mlango wa minyaa ulikuwa wazi, angetaka angeondoka. Lakini kila mama alipokaa kula, kobe alikuja taratibu kwenye miguu yake, naye akamtupia tonge.

Miguu yenyewe ndiyo ilikuwa taabu yetu. Mama alikuwa na kidonda kwenye mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, kimekataa kupona. Zahanati walimpima wakakuta sukari. Muuguzi akanivuta pembeni akaniambia dawa asiruke, ugali usizidi ngumi yake, mboga za majani ziwe nyingi. "Mkifanya mchezo, huu mguu utakatwa." Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi nyumbani nikapika ugali uleule kama kichuguu.

Hili naliandika bila kujitetea. Kwetu, mke anayempunguzia mama mkwe ugali anajulikana kijiji kizima kabla jua halijazama. Nilijaribu mara moja tu. Mama aliutazama ule ugali mdogo, akaitazama sufuria, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikaongeza. Halafu nikaenda kumwomba Mungu aponye mguu ambao mimi mwenyewe nilikuwa naulisha ugonjwa.

Kobe ndiye aliyetangulia kuanguka. Tumbo likamharisha, macho yakawa mazito, akajificha ndani ya gamba siku tatu hata tonge la maziwa halitaki. Mama akawa anakwenda kumgongagonga mgongoni kama anayebisha hodi.

Wakati huo nilikuwa nasoma darasa la jioni la watu wazima, pale shule ya msingi. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikarudi nikiwa na watoto wanne. Jioni ile mwalimu alipouliza kama kuna swali, nikasimama nikauliza habari za kobe. Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, hilo halitatoka kwenye mtihani!" Mwalimu hakucheka. Aliniuliza tunamlisha nini, nikamwambia.

"Tumbo la kobe limeumbwa kwa nyasi na majani," akasema. "Ugali na maziwa vinamchachia ndani. Mnampenda, ila mnampa sumu."

Nikamweleza mama.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni sisi wote, mama."

"Kesho twende tukamtafutie majani."

Tukaanza hivyo. Mama na fimbo yake, kidonda kimefungwa, anazunguka pembeni ya shamba, na mimi na ungo nyuma yake. Tulijifunza kwamba kobe hali asubuhi yenye baridi, anangoja kwanza jua limpashe. Mchicha anaukanyaga tu anapita. Matembele anayakandamiza kwa mguu wa mbele, halafu anachana kwa mdomo kama mtu anayechana kitambaa. Maua ya maboga anayala kama mtoto anavyokula andazi. Kitu chekundu anakikimbilia, maana hata kobe anakimbia: nyanya iliyoiva, ganda la tikiti, na siku moja ndala nyekundu ya binti yangu, mguu ukiwa ndani.

Mfupa mkavu wa ng'ombe alikuwa akiuguguna nusu siku. Mwalimu akasema anatafuta nguvu ya gamba. Hilo nililikubali. Lakini siku nilipomkuta nje ya minyaa anakula mavi ya fisi, yale meupe kama chaki, nilisema huyu sasa jikoni kwangu haingii tena. Mama akajibu, "Kila mtu na kitoweo chake."

Ila kuliko vyote alipenda mchunga, yale majani machungu yanayoota penyewe shambani. Ukimwekea majani kumi, anaanza na mchunga. Alipona, akanenepa. Mama alimwangalia siku nyingi, ndipo akasema, "Hebu nipikie na mimi huo mchunga, nijue anaona nini humo."

Niliuchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikauunga kwa kitunguu. Mama akatia mdomoni, uso ukakunjika wote.

"Mchungu kama maneno ya mke mwenza!"

Lakini akamaliza. Kesho yake akataka tena, na matembele, na majani ya maboga. Mboga ikawa inamshibisha, ugali ukawa unabaki wenyewe. Nilipoona hivyo nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia maneno yote ya muuguzi.

"Ulijua toka lini?"

"Toka siku ile ya vipimo, mama."

"Ukaniogopa mimi kuliko kidonda?"

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Alikunja ngumi yake, akaiangalia kama anaiona mara ya kwanza. Tangu siku hiyo ngumi ndiyo ikawa kipimo chetu.

Mwezi wa pili tangu hapo akaja wifi yangu, binti yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, mbele ya Sirari. Alifika na mikate na soda, akamsalimia mama, shikamoo, marahaba, halafu akaona sahani.

"Aki wifi, mnampea mama majani? Na hii ugali kidogo ni ya paka? Nilisikia mama amekonda nikasema watu wanadanganya. Kumbe anakula sahani moja na kobe!"

Nikasema ni maneno ya zahanati. Hakunisikiliza. Akaingia jikoni kwangu, akasonga ugali wa sufuria nzima, akachemsha nyama, akaweka vyote mbele ya mama. Mimi nilisimama mlangoni. Nilijua mama akila ule ugali wote, basi tumerudi mwanzo, na kwa ukoo mzima mimi ndiye niliyemnyima chakula.

Mama akanawa. Akakunja ngumi, akaiweka kando ya ugali.

"Kata hapa."

"Mama, huyu amekuogopesha."

"Yeye ndiye alikuwa anaogopa, na anaowaogopa ni nyinyi. Kata hapa. Halafu nipe ile mboga ya kijani. Na wewe kaa uionje, upunguze kelele."

Wifi akaonja. Akashika mdomo.

"Mama! Hii ni chakula ama ni dawa?"

"Meza," mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nami nikacheka, nikageukia ukutani nifute macho.

Wifi hakuniomba radhi, ila hakuondoka. Alibaki mpaka siku ya zahanati, tukaenda watatu. Muuguzi akafungua bendeji, akabonyeza huku na huku, akaangalia tena. "Bibi, kimefunga. Leo sifungi kitu. Dawa usiache, na chakula endelea hivyohivyo."

"Na mguu?"

"Mguu ni wako, bibi."

Wifi akachuchumaa palepale, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili.

Nje, mama akasema tusimame kwanza tushukuru. Akaomba kwa Kikurya, kwa sauti, wapita njia wanasikia. Akamshukuru Mungu kwa mguu, kwa muuguzi, kwa binti aliyetoka mbali, kwa mke wa mwanawe. Kisha akamshukuru kwa kobe. Hapo wifi akafungua jicho moja akanitazama, nami nilikuwa nimeshafungua langu. Tukaitikia amina.