Deki Aliyoichagua Mama

Harufu ya mashine mpya inakupeleka wapi wewe, sijui. Mimi inanirudisha Birmingham, mtaa wa Tyseley, kwenye sebule yetu yenye zulia la kijani. Juzi nilifungua boksi la printa, nikayatoa yale maboya meupe yanayolia yakisuguana, nikavua mfuko wa plastiki, na ile harufu ikanipiga puani: plastiki, rangi, na kitu mfano wa nguo iliyopigwa pasi ya moto kupita kiasi. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nawakumbuka babu na bibi yake siku walipokwenda kununua deki.

"Deki ndiyo nini?" Hapo nikajiona mzee kweli.

Nyinyi mnaikumbuka, najua. Ile mashine nyeusi iliyokaa chini ya televisheni, inayomeza kanda ya video kwa mlio wa kujisifu, ikarekodi na kuonyesha, na saa yake ya kijani haikuwa sahihi katika nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Yetu ilikuwa imechoka. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya treni, na alishaifungua mara nyingi kwa bisibisi, akaipuliza, akaisemesha, ikarudi kazini kwa uvivu. Mpaka jioni moja, nikiwa na miaka kumi hivi, ikaikamata kanda ya katuni ya mdogo wangu Saidi ikaitafuna. Ule utepe ukaning'inia nje umekunjamana kama tambi. Saidi akalia. Baba akacheka. Mama hakucheka hata kidogo.

"Leo imekula katuni," alisema. "Kesho itakula kanda yangu."

Kanda ya mama niwaelezeni vizuri, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wazima wawili waligombania vitufe. Wazazi wangu ni Wazanzibari. Miaka michache kabla ya hapo shangazi yangu Zuhura, mdogo wake baba, aliolewa Unguja, na sisi hatukuweza kwenda kwa sababu karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinazunguka kwenye meza za watu. Shangazi akatuletea kanda ya harusi. Si ile ya wanaume, ya msikitini, ambayo ni kanzu na kofia tangu mwanzo hadi mwisho na mtu anapiga miayo. Ilikuwa ya shughuli ya wanawake. Mnajua wenyewe: milango imefungwa, mabuibui yametundikwa, nywele zimeachiwa, watu wamejifukiza udi, na kamera kashika mwanamke. Kanda ya namna hiyo mwanamume haioni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo ukutani, lakini waliocheza mle wote walicheza kwa sababu wanaijua. Shangazi alimwambia mama kwenye simu, "Wifi, nimekuamini," na mama akaifunga kwenye kanga akaiweka kabatini chini ya nguo zake.

Na mle ndani alikuwemo Bibi.

Bibi huyu ni mama yake baba. Mwaka uliofuata harusi alifariki, na baba hakuwahi kumzika. Picha zake tulikuwa nazo, amekaa wima na kukunja uso, mfano wa mtu anayesubiri sindano. Lakini Bibi anayetembea, anayesema na kucheka, alikuwa kwenye kanda ile peke yake, na mtu mwenye haki naye kuliko sisi sote ndiye aliyekuwa hana ruhusa ya kuitazama.

Walishajaribu. Mama aliitafuta sehemu ambayo Bibi amesimama peke yake, akaisimamisha hapo, akamwita baba kutoka jikoni. Baba akaja, akakaa kwenye kochi, akajitengeneza kola. Mama akabonyeza. Bibi akaonekana kwa muda wa kupiga chafya, kamera ikageuka, na kioo chote kikajaa wasichana wanaokata viuno. Baba akanyakua mto akajifunika uso, chai ikamwagika, mama anapiga kelele "Usitazame! Usitazame!" na rimoti haitaki kusikia la mtu. Mimi na Saidi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba alipoushusha mto hakuwa akicheka. Alisema, "Basi, Mama Nasra. Mama nitamuona peponi, inshallah," akaenda kuchukua kitambaa akafuta chai.

Nasra ni mimi.

Lilikuwepo duka moja lililokuwa likihamishia kanda za watu kwenye DVD na kuzikata wanavyotaka. Mama hakutaka hata kulisikia likitajwa. Kijana gani huyo, aliuliza, atakayekaa na soda yake akiwatazama wifi zangu?

Kwa hiyo deki mpya ikawa lazima, na baba akaanza kukusanya katalogi za madukani. Kila Jumapili alizitandaza mezani na mimi nikamsomea yale maandishi madogo ya Kiingereza. Baba hakuwa bahili, msimdhanie vibaya. Alikuwa fundi, na fundi haamini kitu mpaka ajue kinafanya kazi gani. "Kitufe usichokitumia umekilipia vilevile," alikuwa akisema, na kwa kipimo hicho akazihukumu deki zote za Uingereza. Kujirekodi yenyewe kwa saa uliyoipanga, hilo alilipitisha, kwa sababu ya mpira akiwa zamu ya usiku. Kurekodi kwa mwendo mrefu, kanda ikajaza mara mbili, alilikataa: picha inafifia, akasema, wanakuuzia ukungu. Kutazama polepole alilifukuza kabisa. "Nani ana haraka ya kuona polepole?"

Mama alikuwa mwisho wa meza akikunja sambusa, kimya. Ukimya wa mama yangu haukuwa wa kukubali, na baba, kwa ufundi wake wote, hilo hakuwahi kulijifunza.

Siku moja tukiwa wawili tu akaniuliza, "Nasra, katika karatasi hizo za baba yako, hamna inayokata?"

"Cut what, Mum?"

"Watu. N'nataka watoke wote abaki Bibi yako."

Nikazipekua. Ilikuwepo moja, kwenye ukurasa ambao baba alikuwa akiupita haraka kwa sababu ya bei: ina mdomo wa kanda, ina mdomo wa DVD, na tumboni ina diski yake inayohifadhi picha ili uzikate vipande, utupe usichokitaka na kuunganisha unachokitaka. Mama akanisomesha maelezo yale mpaka nikachoka. Halafu akasema nisimwambie baba neno. Hakutaka kumpa matumaini mara ya pili kabla hajaiona kwa macho yake.

Jumamosi tukapanda basi kwenda Kings Heath, kwenye duka la vyombo vya umeme la Bwana Jaswant, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru, ambaye Kiswahili chake kilimfurahisha mwenyewe kuliko mteja yeyote. Baba akaenda moja kwa moja kwenye deki ya kawaida, akaishika, akaipima uzito mkononi, akaibonyeza kila mahali.

"Hii ni mzuri sana, bwana," Bwana Jaswant akasema. "Iko na timer, iko na warranty, haina maneno mingi."

"Hii basi," baba akasema.

"Na ile?" mama akauliza. Alikuwa amesimama mbele ya ile kubwa, pochi kaibana kwapani.

"Ah, mama, hiyo ni ya wakubwa! Hiyo iko na hard disk. Unaweza ku-edit."

"Inakata mtu kabla hajatokea? Nikitaka huyu abaki na yule atoke, nyumbani kwangu, bila ya fundi?"

"Nyumbani kwako, na rimoti tu. Hata huyu msichana anaweza."

Baba akaja mbio. "Mama Nasra, ukate nini? Sisi tuna kituo cha televisheni?"

"Mie najua cha kukata."

"Bei umeiona?"

"Nimeiona. Zamu yangu ya upatu nimepokea wiki iliyopita, na mie ndiye ninayeinunua."

Bwana Jaswant akageuka ghafla akaanza kufuta vumbi kwenye redio iliyokuwa safi. Baba akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia dari. Nilisimama nyuma ya mama nikiwa na kiburi ambacho sijakipata tena hata siku niliyofaulu chuo. Mama hakupunguziwa sana, lakini alipewa waya za kuunganishia bure, na boksi likarudi Tyseley kwenye mapaja ya baba, ambaye njia nzima alikuwa akimwambia abiria mmoja "Sorry, mate" kila basi lilipokata kona.

Kwa haki yake niseme: aliifunga vizuri. Waya zote alizipanga nyuma zikapendeza, na saa ile ya kijani kwetu ikawa sahihi, jambo lililomfanya atabasamu bila kutaka.

Jumamosi iliyofuata mama akawatoa wanaume nyumbani. "Nendeni msikitini, nendeni madukani, msirudi mpaka nipige simu." Baba akadhani kuna wageni wa kike, akamshika Saidi mkono wakaondoka na mwavuli. Mama akavuta mapazia, akafungua kanga, akasema bismillahi, akaitia kanda. Ikamezwa, ikaanza kuzunguka, na haikutafunwa.

Kazi ile sitaisahau. Mimi nilisoma kijitabu cha maelezo, yeye akashika rimoti. Kumbe Bibi hakuwa mtu wa kukaa peke yake! Kila alipopita kulikuwa na mtu pembeni, na mama hakuwa na mchezo.

"Huyo nani nyuma?"

"It's just an elbow, Mum."

"Kiwiko cha nani?"

"I don't know!"

"Basi na yeye hajui kama kitaonekana. Kata."

Tukakata viwiko, tukakata visogo, tukakata mkufu wa mtu na nusu ya bega. Ikabaki sauti ya wanawake wakiimba mbali, na hapo mama akasimama akafikiri sana, kichwa upande. Mwisho akasema nyimbo hizo zilisikika mpaka barabarani siku ya harusi yenyewe, kila mpita njia alizipata. Zikabaki. Tulipomaliza alifuta tumboni mwa mashine kila kisichohusika, akaifunga tena kanda kwenye kanga, na ndipo akapiga simu.

Walirudi wamelowa. Mama akamwambia baba akae. Alipoiona televisheni imewaka na rimoti iko mkononi mwa mama, mkono wa baba ukaenda kwenye mto wenyewe.

"Weka chini," mama akasema. "Humo hamna mtu ila mama yako."

Bibi akatokea mlangoni akiamrisha sahani za pilau zipelekwe kwa nani kwanza. Bibi akajifunga kanga upya. Bibi akacheza kidogo, mkono juu, akachoka, akajicheka mwenyewe. Halafu akaja mpaka kwenye kamera, karibu mno, pua imejaa kioo, akasema:

"Suleiman, baba. Wanasema huko baridi. Vaa sweta, usijitie ujana."

Ujumbe huo mama alikuwa ameshamfikishia kwa mdomo tangu kanda ilipofika, na baba alidhani anamtania.

"Navaa, mama," baba akajibu televisheni. Alikuwa kavaa koti lililolowa. Kisha akaniuliza, yeye aliyekijua kila kitufe katika kila katalogi, "Cha kurudisha kipi?"

Nikamwonyesha. Akarudisha. Akarudisha tena.

Kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia kuwa ya mama aliyeshinda ubishi dukani, na watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona ugumu wa alichokuwa amebeba. Kabatini alikuwa na amana ya wanawake waliomwamini, na kwenye kochi alikuwa na mume aliyemhitaji mama yake, na hakuna hata siku moja alipofikiria kumdhulumu mmoja ili kumridhisha mwingine. Alitafuta mashine ya kufanya yote mawili, akailipia.

Na kuna jingine ambalo sikujua kuwa nilikuwa naliona. Habari ya kifo cha Bibi ilikuja kwa simu. Baba aliipokea ukumbini, akasema inna lillahi, akauliza wanamzika saa ngapi, akashukuru. Asubuhi akaenda kazini. Kwenye hitma aliyosomewa Bibi nyumbani kwetu, baba ndiye aliyezungusha kahawa, akiwauliza wageni kama wametosheka, na watu wakasifu subira yake. Mimi pia niliisifu. Nilidhani yamekwisha.

Jioni ile ya deki alianza kulia, kwa mabega tu. Saidi akamwangalia mama kwa hofu, kwa sababu hatukuwahi kumwona hivyo, na mimi nikataka kuizima, nikidhani tumemuumiza. Mama akanishika mkono. Akatuinua sote wawili, akatutoa sebuleni, akaurudisha mlango taratibu, akamwacha baba afiwe.