Kompyuta Kumi na Tisa za Gitega na Macho ya Mama Espérance

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kusakinisha hata programu ya kuchezea karata. Nilikuwa msaidizi wa maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari mjini Gitega. Nilikuwa nimerudi Burundi miaka michache kabla, baada ya kukulia Tanzania, nikiwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Kigoma na Kiswahili ambacho wenzangu walikicheka kwa upole, wakisema naongea kama redio. Mkuu wa Maabara, Bwana Sylvère, alinionyesha kompyuta kumi na tisa zilizopangwa kando ya kuta, kisha akavuta kiti.

“Madame Godelieve, kiti yako iko hapa. We unajua Linux?”

Nikamwambia naijua kidogo.

“Bon. Kidogo iko sawa. Donc, mi sikupatii mot de passe ya root kwanza. Utanisamehe.”

Vijana mnaosoma haya mnajua kwamba Linux ni mfumo endeshi kama mingine, ila ni wa bure, na mashine kuukuu inaukubali. Zetu zilikuwa kuukuu za msaada. Root ni jina la msimamizi mkuu wa mashine, yule asiyezuiwa kitu. Mwenye nenosiri lake, hiyo mot de passe, anaweza kuijenga mashine au kuibomoa kwa mstari mmoja wa maandishi. Bwana Sylvère alininyima nenosiri hilo miezi mitatu, na nilikasirika miezi yote mitatu.

Kila Jumatatu tulisasisha mashine pamoja. Programu za Linux hukaa kwenye hazina, yaani ghala la mtandaoni linalotunzwa na watengenezaji wenyewe, na kila kifurushi kinachotoka humo kina saini inayothibitisha kwamba hakikuchezewa njiani. Kabla ya kuandika nenosiri, Bwana Sylvère aliondoa mikono yake kwenye kibodi na kuniuliza: “Hii programu inatoka wapi? Nani aliisaini?” Nikishindwa kujibu, hatukuisakinisha. Mwishowe akanipa nenosiri, limeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akaniambia nilikariri kisha nikichane mbele yake.

Mimi nilichokipenda zaidi ilikuwa kupamba. Eneokazi, ambalo pale tuliliita bureau, ni ile sura unayoiona ukishawasha kompyuta: picha ya nyuma, aikoni, na upau wenye saa na menyu. Kwenye Linux unaweza kubadilisha karibu yote. Nilihamisha upau kutoka chini kwenda juu, nikabadilisha rangi za madirisha, nikaweka picha ya vilima vya Gishubi niliyoipiga mwenyewe baada ya mvua. Wanafunzi walifurahi, nami nikavimba kichwa.

Wiki mbili kabla ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kukabidhi kazi zao, nilikuta kwenye tovuti moja seti ya aikoni nzuri ajabu. Maelekezo yalikuwa mafupi: nakili mstari huu, ubandike kwenye terminali, andika nenosiri la msimamizi. Terminali ni lile dirisha la kuandikia amri. Sikuusoma mstari wenyewe. Niliubandika, nikapendezwa na nilichokiona, nikaurudia kwenye mashine zote kumi na tisa.

Mstari ule haukuleta aikoni tu. Uliongeza hazina ya mtu nisiyemjua kwenye orodha ya hazina zetu. Asubuhi iliyofuata nilizisasisha mashine peke yangu kabla Bwana Sylvère hajafika, zikachukua humo vipande visivyopatana na mfumo wetu, na zilipowashwa upya zikabaki na skrini nyeusi na kistari cheupe kinachopepesa. Zote. Kazi za wanafunzi zilikuwa ndani.

Nilimwambia Bwana Sylvère ukweli mlangoni, kabla hajavua koti. Alinisikiliza, akatazama mashine moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu wagonjwa. Mkurugenzi wa shule alikuwa ameshasikia, akaja na hasira zake.

“Ni nani alifanya hivi?” aliuliza.

Nilifungua mdomo. Bwana Sylvère akanitangulia.

“Directeur, ni mi nilimupatia mot de passe. Kama ni kosa, iko yangu. Utupe siku tatu.”

Siku tatu hizo ndizo zilizonifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kuwasha mashine kwa CD badala ya mfumo ulioharibika, kuingia kwenye mafolda ya wanafunzi na kunakili kila kitu kabla ya kusakinisha mfumo upya. Hakunigombeza hata mara moja, ila hakuniruhusu pia kuharakisha. Tuliokoa kazi zote isipokuwa ya msichana mmoja, Claudine, ambaye diski ya mashine yake ilikuwa mbovu tangu zamani, ikafa tukiwa tunanakili. Niliketi naye alasiri nne, yeye akisoma kutoka daftari lake na mimi nikichapa. Alikabidhi kwa wakati.

Mwaka uliofuata nafasi ya kusimamia maabara za shule kadhaa ilipita mbele ya Bwana Sylvère, ikaenda kwa mtu mwingine. Mke wake ndiye aliyeniambia sababu: Mkurugenzi alikuwa ameandika juu ya ile asubuhi. Nilikwenda kumwomba radhi.

“Madame, tuache hiyo,” alisema. “Mi sitaki kutembeatembea. We endelea kutumika vizuri, voilà.”

Sijapata kushukuru vya kutosha kwa sentensi hiyo, na simwamini kwamba hakutaka kutembea.

Baada ya miaka nilihamia Muyinga, kuwa fundi wa kompyuta wa vituo vya afya. Mkubwa wangu huko alikuwa Daktari Mkuu, mtu wa haraka, anayeongea akiwa anatembea. Alinituma kwanza kituo cha Giteranyi, ambako rejesta za chanjo zilikuwa zinatoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, na muuguzi aliyezitunza miaka mingi alikuwa ameandikwa kwenye orodha ya watu wa kuondolewa kwenye kazi hiyo kwa kuwa “hawezi mashine”.

Muuguzi huyo alikuwa Mama Espérance. Nilimkuta ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani.

“Unaona nini, Mama?” nilimuuliza.

“Mi nikiangalia pale, naona siafu tu zinatembea.”

Mashine haikumshinda. Alikuwa haoni vizuri. Nikaanza kulipanga eneokazi lake, na safari hii sikuwa napamba. Niliongeza ukubwa wa herufi zote za mfumo, nikaweka maandishi meusi mazito juu ya manjano hafifu, kwa sababu weupe mtupu ulimuumiza. Nilikuza kishale cha kipanya. Niliondoa aikoni zote nikabakiza tatu: watoto, chanjo, ripoti, majina yake kwa Kirundi. Nilifanya bofyo moja litoshe badala ya mawili, maana vidole vyake vilikuwa vizito, kisha nikaufunga upau usihame hata akiugusa kwa bahati mbaya. Yote hayo yamo kwenye mipangilio ya kawaida, hakuna cha kupakua.

Alisogea, akasoma jina la mtoto kwa sauti, la pili, la tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jina lake likafutwa kwenye ile orodha ya kuondolewa.

Miezi michache baadaye Daktari Mkuu aliingia pale Giteranyi na clé USB mkononi, kile kijiti cha kubebea mafaili. Ilikuwa na toleo jipya la programu ya chanjo, na wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu.

“Mama Godelieve, weka hii sasa hivi.”

Programu hiyo haikuwemo kwenye hazina yetu, kwa hiyo haikuwa na saini ya kutuambia lolote. Lakini watengenezaji huweka kwenye tovuti yao alama ya faili: mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi unaotokana na faili lenyewe. Faili likibadilika hata kidogo, alama yote hubadilika. Nilikuwa nimeinakili kwenye karatasi nikiwa mjini, toleo hilo lilipotangazwa. Nikaiagiza kompyuta ikokotoe alama ya faili lililoletwa, nikamwomba Mama Espérance anisomee kutoka kwenye skrini yake.

“Tisa, c, sifuri, mbili.”

Karatasi yangu ilianza na nne, a, saba, saba.

“Soma tena, Mama.”

“Tisa, c, sifuri, mbili.”

“Huyu haoni,” alisema Daktari Mkuu. “Si mnajua macho yake iko namna gani?”

Mama Espérance alisoma mfululizo wote mpaka mwisho, polepole, kidole chake kikifuata skrini. Kisha akainuka kumpisha. “Daktari, njoo usome we.”

Alisoma. Ilikuwa tisa, c, sifuri, mbili.

“Bado mi ndiye chef,” alisema. “Weka.”

“Nakuheshimu, Daktari. Basi niandikie kwamba umeniamuru,” nilimwambia.

Alinitazama, akachukua clé USB yake, akatoka bila kuandika. Mimi nilipanda pikipiki hadi Muyinga mjini, nikapakua faili kwenye tovuti ya watengenezaji, nikalinganisha alama mpaka herufi ya mwisho, nikarudi kesho yake. Jumatatu wakaguzi walikuta rejesta inafanya kazi, na Mama Espérance ndiye aliyewaonyesha.

Sikupata kujua kama faili lile lilikuwa limechezewa au limeharibika tu katika kunakiliwa. Daktari Mkuu alikiri baadaye kwamba alilipata kwa mtu wa sokoni. Aliyasema hayo kwenye mkutano, mbele ya wote, na tangu siku hiyo hakuna kituo kilichosakinisha kitu bila alama kulinganishwa. Mkubwa anayekubali kosa lake hadharani si wa kila siku, nami namshukuru.

Sasa nimestaafu, naishi Yoba, mtaa wa Gitega. Siku yangu ya mwisho Muyinga niliketi ofisini tangu asubuhi nikisubiri kuitwa, kama nilivyoitwa kila siku kwa miaka yote: mashine imeganda, kichapishi kimekataa, herufi zimekuwa ndogo. Simu haikulia. Kufika saa tisa nilipita mwenyewe kwenye korido. Milango ilikuwa wazi, na kila niliyemwona ameinama kwenye kazi yake, skrini imewaka, mikono inakwenda. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama pale kitambo nikiwatazama, moyo umetulia, kisha nikachukua mkoba wangu.